Pasipoti ya Kenya, kura ya Barking: jibu kwa msomaji

Msomaji wetu anayeishi Barking, mashariki ya London, ametuandikia hivi: "Mimi ni Mkenya, ninafanya kazi ya kutunza wazee kwa viza ya kazi. Juzi nimepata barua ya baraza ikinitaka nijiandikishe kupiga kura. Mwenzangu tunayekaa nyumba moja ni Mrundi, ana viza kama yangu, lakini yeye ameambiwa hana haki. Kanisani wananionya kwamba nikijiandikisha nitaharibu viza. Je, ni kweli naruhusiwa? Na hata kama naruhusiwa, diwani atanisaidia nini wakati hana mamlaka juu ya viza yangu wala mshahara wangu?"

Dada yangu, naanza na lile linalokutia hofu. Ndiyo, unaruhusiwa, na viza yako haitaguswa. Sheria ya Uingereza inampa kura raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, awe na kibali cha kazi, cha masomo, cha kumfuata mwenzi wake au cha ukaaji wa kudumu. Unachotakiwa ni kuwa umetimiza miaka 18 siku ya kura, kuwa na makazi hapo, na jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya hiyo. Tena haki yako haiishii kwenye baraza la manispaa: utapiga kura ya meya wa London, na ukiitishwa uchaguzi mkuu utamchagua na mbunge. Mwenye kosa ni anayejiandikisha kwa habari za uongo, au asiye na kibali chochote cha kuwa nchini. Wewe humo. Hao wa kanisani naamini wanakutakia mema, lakini onyo lao limewakosesha kura watu wengi wa kwetu, na inaniuma kila ninapolisikia.

Mwenzako naye ameambiwa ukweli. Haki hii ni mabaki ya himaya ya Uingereza. Zamani raia wa himaya akifika Uingereza alikuwa na kura kama wenyeji, na makoloni yalipopata uhuru Bunge la Uingereza liliiacha haki hiyo mikononi mwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola. Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani kisha Wabelgiji, sawasawa na Burundi, ila Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009 na Burundi haikujiunga. Ndiyo maana Mnyarwanda wa Barking anapiga kura na jirani yake Mrundi hapigi, ingawa wote wawili wanalipa kodi ileile ya baraza na taka zao zinazolewa na gari lilelile. Mkongomani naye hana kura. Mzanzibari mwenye pasipoti ya Tanzania anayo, nduguye wa Muscat mwenye pasipoti ya Oman peke yake hana. Mimi naona mpaka huu haumtendei haki mtu anayeishi na kufanya kazi mahali, na nitarudi kwa mwenzako kabla sijamaliza, kwa sababu hajafungiwa milango yote.

Sasa hiyo barua. Usiitupe. Baraza linawajibika kisheria kuweka daftari sahihi, na anayeendelea kukaa kimya baada ya kutakiwa rasmi ajiandikishe anaweza kutozwa faini ya pauni 80. Kujiandikisha kunafanyika kwenye tovuti ya serikali kwa dakika chache. Utaulizwa jina, anuani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya National Insurance, yaani ya bima ya taifa. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu sisi wenye majina matatu tuna desturi ya kutumia mawili hapa na mengine kule, na siku ya kura jina la kwenye kitambulisho litalinganishwa na la kwenye daftari. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Utaulizwa pia kama unataka jina lako liwe kwenye daftari la wazi, lile ambalo makampuni huuziwa kwa matangazo. Kataa ukipenda, kura yako haipungui. Lile daftari kamili hutazamwa na kampuni zinazopima uaminifu wa mtu katika mikopo, na mgeni asiye na historia ya benki nchini hufaidika jina lake likionekana mle, hasa anapotafuta nyumba ya kupanga au mkataba wa simu.

Swali lako la pili ndilo ningependa ulifikirie kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu umesema diwani hana mamlaka juu ya mshahara wako. Viza, kweli, si yake; hiyo ni ya serikali kuu. Hospitali si zake, polisi si wake, na mabasi ya London yako chini ya meya. Lakini kazi yako, dada, iko mezani kwa diwani kuliko kazi za watu wengi. Utunzaji wa wazee na walemavu pamoja na ulinzi wa watoto hula zaidi ya nusu ya matumizi ya mabaraza yaliyopewa jukumu hilo, na manispaa zote 32 za London zimepewa. Mzee unayemwogesha asubuhi, kama hana uwezo wa kujilipia, analipiwa na baraza. Baraza ndilo linaloingia mkataba na kampuni ya utunzaji, na ndilo linalokubali ilipwe kiasi gani kwa saa. Likibana bei, kampuni nayo inabana walio chini yake: mzee anatengewa dakika 15 za kuamshwa, kuoshwa na kupewa dawa, na muda unaosubiri basi kwenda kwa mzee wa pili haulipwi.

Hili si jambo lisilobadilika. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilitunga mkataba wa maadili ya utunzaji wa majumbani, kikayataka mabaraza yausaini: muda wa safari ulipwe, ziara za dakika 15 zikome, na mshahara uwe wa kuweza kuishi nao. Islington na Southwark, zote za hapa London, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuusaini. Waliopitisha ni madiwani. Mgombea akija mlangoni kwako na vikaratasi vyake, hilo ndilo swali la kumuuliza: je, baraza litailipa kampuni bei inayotosha kulipia muda wa safari, na litakagua kama kweli mnalipwa? Mwache ajibu mpaka mwisho. Anayezunguka utamwona.

Yapo na mengine. Kodi ya baraza unayolipa kila mwezi hupangwa kwa madaraja kuanzia A hadi H, kwa kufuata thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo Aprili 1991. Kila mwaka madiwani hupiga kura iongezwe kwa kiasi gani. Serikali kuu imewawekea ukomo, lakini baraza likivuruga fedha zake linaweza kuomba ruhusa ya kuuvuka. Croydon, kusini mwa London, ilitangaza mwaka 2020 kwamba haiwezi kufunga hesabu zake, na mwaka 2023 wakazi wake wakapandishiwa kodi kwa asilimia 15 kwa mkupuo. Slough, mji ulio magharibi ya London, ilitangaza hivyohivyo mwaka 2021. Woking, manispaa ndogo ya Surrey, ilikopa karibu pauni bilioni 2, sehemu kubwa ikaingia kwenye maghorofa na miradi ya majengo, ikakwama mwaka 2023. Fedha hizo zilikopwa kwa maamuzi ya viongozi waliochaguliwa, na kwa kawaida katika chaguzi hizi wapiga kura wanaojitokeza London hawafiki 40 katika kila 100 walioandikishwa. Nikikumbuka hilo nakosa raha.

Na nyumba unayopanga. Barking and Dagenham ni miongoni mwa manispaa zilizowalazimisha wenye nyumba za kupangisha kuwa na leseni, mpango ulioanza mwaka 2014 na ukaendelezwa baadaye. Maafisa wa baraza wanaweza kuingia kukagua ukungu ukutani, hita mbovu, au watu kumi waliosongwa vyumba vitatu. Kama mpango huo unaendelea, na kama unapewa wakaguzi wa kutosha, ni uamuzi wa kisiasa. Mwenye nyumba wako anaijua siku ya uchaguzi. Ijue na wewe.

Umejaliwa kuishi mahali ambapo historia ya kura ni ya juzi tu, na inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Dagenham ilikuwa mji wa wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford na wa nyumba za baraza. Mtaa mkubwa wa Becontree ulianza kujengwa 1921, na kwa miaka mingi ulitajwa kuwa mtaa mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Sheria ya mwaka 1980 ikawaruhusu wapangaji kuzinunua nyumba hizo, nyingi zikaondoka mikononi mwa baraza, na nyingi hazikujengewa badala yake. Mwaka 2002 Ford ikaacha kuunda magari Dagenham, ikabakiza injini. Wakati huohuo wageni, wengi wao Waafrika, walikuwa wanahamia kwa sababu nyumba za huko zilikuwa za bei nafuu kuliko sehemu nyingine za London. Foleni ya nyumba ikarefuka, watu wakawa na hasira, na hasira hiyo ikapata mwenyewe wa kuivuna.

Mwenyewe alikuwa BNP, chama cha ubaguzi wa rangi. Kilisambaza karatasi majumbani kikidai kuna mpango wa siri wa kuwapa Waafrika hadi pauni 50,000 kila familia ili wakanunue nyumba Barking na Dagenham. Ulikuwa uongo mtupu. Mpango wa namna hiyo haukuwapo. Lakini mtu anayesubiri nyumba miaka na miaka akisoma karatasi kama hiyo, kisha akatazama dirishani na kuona familia ya Kiafrika inashusha makochi kutoka kwenye gari, anaamini. Mei 2006 BNP ikapata viti 12 kati ya 51 vya baraza, ikawa chama kikuu cha upinzani. Hakuna baraza jingine Uingereza ambako chama hicho kiliwahi kushika nguvu kiasi hicho.

Miaka minne iliyofuata watu walitembea mlango kwa mlango: chama cha Labour, vyama vya wafanyakazi, kampeni ya kupinga ubaguzi ya Hope not Hate, makanisa na misikiti. Waliwasikiliza wenyeji waliokata tamaa, na waliwahimiza wageni wajiandikishe. Tarehe 6 Mei 2010, siku ambayo uchaguzi wa baraza na wa Bunge vilifanyika pamoja, viti vyote 12 vilipotea. Labour ikachukua 51 kwa 51, na kiongozi wa BNP, Nick Griffin, aliyegombea ubunge wa Barking, akamaliza wa tatu. Waafrika wengi waliopanga foleni siku ile walikuwa na pasipoti kama yako.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba baraza hilo liliendelea kuwa na chama kimoja kwa viti vyote 51 katika chaguzi za 2014, 2018 na 2022. Baraza lisilo na mpinzani hata mmoja si jambo la kuonea fahari, chama chochote kiwacho. Sikuambii umchague nani. Nakuambia wagombea wa pande zote wanahitaji kuulizwa maswali, na mtu wa kuyauliza ni kama wewe.

Siku yenyewe. Uchaguzi wa manispaa za London hufanyika kila miaka minne, Alhamisi ya Mei; ratiba ilikuwa 2018, 2022, halafu 2026. Katikati kuna chaguzi ndogo diwani akifariki au akijiuzulu. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa 4 inapogonga atapiga kura. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Nimekaa kwenye meza hizo za vituo, na ninajua wapi watu wetu hukwama: mtu anatoa kitambulisho cha taifa cha Kenya, au leseni ya udereva ya Kenya, na vyote viwili havikubaliwi. Pasipoti ya Kenya inakubaliwa, kama ilivyo ya Tanzania, Uganda na Rwanda, hata ikiwa imepitwa na muda, mradi picha bado inafanana na wewe. Kadi ya ukaaji ya zamani nayo inakubaliwa kwa masharti hayohayo. Asiye na chochote anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo, mwisho siku 6 za kazi kabla. Dada anayefunika uso ana haki ya kuufunua faraghani, mbele ya mfanyakazi wa kike akitaka, kama yupo kituoni.

Usishangae unyenyekevu wa mahali penyewe. Ni ukumbi wa shule au wa kanisa, meza mbili, vibanda vya mbao au vya plastiki. Karani anakuuliza jina na anuani, anatazama pasipoti, anapiga mstari wa rula kwenye jina lako, anakupa karatasi. Hakuna wino kidoleni, hakuna dole gumba. Ndani ya kibanda kuna penseli iliyofungwa kwa uzi, nawe unaweka alama ya X, unakunja, unatumbukiza sandukuni. Ile kadi iliyokuja kwa posta ikikuelekeza kituo si lazima uibebe.

Karatasi yenyewe isome vizuri kabla hujashika penseli. Kwetu Kenya unamchagua mwakilishi mmoja wa wadi. Barking and Dagenham ina kata za madiwani watatu na nyingine za wawili. Katika kata ya watatu unaweza kuweka X hadi tatu, kwa watu watatu tofauti. Ukiweka moja tu au mbili, kura yako ni halali. Ukiweka nne, imeharibika. Hulazimiki kuzipa chama kimoja: unaweza kumpa huyu wa chama hiki na yule wa kile kama wote wamekujibu vizuri. Nimeona watu wakiweka X moja na kuondoka, wakidhani ndiyo mwisho wa haki yao, kumbe wameacha mbili mezani.

Kwa zamu zako za usiku ningekushauri uombe kura ya posta. Huulizwi sababu, na unaomba mtandaoni, mwisho saa 11 jioni siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi. Karatasi inakuja nyumbani, unaijaza mwenyewe, unatia sahihi na tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu yake, unairudisha. Ukichelewa posta, unaipeleka mwenyewe kituoni kabla ya saa 4 usiku. Neno "mwenyewe" nalisema kwa makusudi. Mtu wa kampeni haruhusiwi kuchukua bahasha yako, hata akiwa mzee wa kanisa, hata akiwa shemeji. Manispaa ya Tower Hamlets, si mbali na wewe, uchaguzi wa umeya wa 2014 ulifutwa na mahakama ya uchaguzi Aprili 2015, na mshindi, Lutfur Rahman, akazuiwa kugombea kwa miaka 5. Amerudi madarakani kwa kura mwaka 2022. Katika yaliyothibitishwa na jaji mle lilikuwamo kuwashinikiza waumini kwa njia ya dini: viongozi wa dini walikuwa wamechapisha barua gazetini wakiwafanya wapiga kura waone ni wajibu wa imani kumchagua mgombea fulani. Mchungaji wako ana haki ya kuwahimiza mkapige kura. Akianza kusema Mungu anamtaka nani, hapo amevuka mpaka wa sheria ya nchi hii. Na chakula au bahasha ya mgombea iacheni alikoitoa.

Kuna mwaka jambo hili lilifikia ncha kabisa. Mei 2017, katika kata ya South Blyth huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, wagombea wawili walipata kura 356 kila mmoja. Wakahesabu tena, zikabaki vilevile. Sheria inasema kura zikilingana ipigwe bahati nasibu, basi wakavuta vijiti, na kwa kijiti hicho chama kilichokuwa kinaongoza kikabaki na upungufu wa kiti kimoja cha kushika baraza zima. Mtu mmoja aliyekaa nyumbani angetosha.

Kugombea wewe mwenyewe bado. Kwa hilo raia wa Jumuiya ya Madola anatakiwa awe na kibali cha ukaaji wa kudumu. Siku ukikipata, kumbuka kwamba nafasi ya udiwani haitozwi dhamana yoyote ya fedha.

Nimalizie na mwenzako. Uingereza yote haina sheria moja kwa hili. Scotland tangu 2020, na Wales tangu 2021, zimewapa kura za mabaraza wageni wote wanaoishi huko kihalali, bila kuuliza nchi. Mrundi wa Glasgow au wa Cardiff anamchagua diwani wake leo. Wa Barking hapana. Lakini diwani wa Barking anamtumikia kila mkazi wa kata, awe na kura au hana. Madiwani huwa na saa za kuonana na wananchi, na ratiba zake zipo kwenye tovuti ya baraza. Kama chumba chenu kina ukungu au mwenye nyumba hana leseni, nendeni wote wawili, yeye aeleze shida yake kwa kinywa chake, mpige na picha za ukuta mzibebe. Na fomu ya baraza inayouliza nani anaishi kwenye nyumba hiyo mwandikeni jina na uraia wake bila kuficha. Wao ndio watakaoamua nani anaingia kwenye daftari.